Kitufe Kilichokufa

Fundi alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku moja ambao mtu huoga ukatoka. Wake ulikuwa umehamia kabisa, umeleta na godoro lake. Mgongo ulimuuma kwa kuinamia meza, macho yalimwasha kwa moshi wa kulehemu, na jioni akifika nyumbani hata kuvua viatu aliona ni kazi ya kesho. Lakini mikono yake, jamani, mikono ile haikujua kuchoka. Na hiyo mikono ndiyo iliyomponza.

Ukimpelekea Fundi redio akubadilishie waya, basi hesabu umeiaga redio uliyokuwa ukiijua. Waya atabadilisha, sawa, lakini atazibua na spika uliyoizoea ikikoroma, atakaza na kirungu cha sauti ulichokuwa ukikizungusha kwa mbinu zako mwenyewe, na ule ufa uliokuonyesha kwamba redio ni yako na si ya jirani atauziba kwa gundi. Na ole wako umuulize nani alimtuma. Atanuna wiki nzima.

"Mkono wako unawasha, ndugu yangu," dada yake mkubwa alimwambia siku moja. Dada huyo alikuwa na saluni mtaa wa pili, na alikuwa amemletea mashine ya kukaushia nywele abadilishe plagi tu. "Mimi nilileta plagi. Mngurumo nani alikutuma uuondoe? Sasa iko kimya, sijui imewaka, sijui imezima, naunguza watu masikio!"

"Badala ya ahsante," Fundi alijibu, akaendelea na kazi yake.

Nyumbani alikuwa na mke, aliyefua mashuka ya hospitali kwa zamu, wakawa wanakutana mlangoni tu, mmoja akiingia mwingine akitoka. Na walikuwa na binti mmoja, wa pekee. Majirani wa dukani walimpa jina la utani, Mhandisi, kwa sababu tangu utotoni hakuacha kupima vitu: kivuli cha nguzo ya umeme, mteremko wa paa la duka la dawa, hata kitambi cha muuza viatu, ambaye hakufurahi. Baba yake alimwita mama, kwa kuwa alibeba jina la bibi yake.

Mhandisi alitaka kusomea upimaji wa ardhi. Alishasema wazi. "Nataka kazi ya kusimama, Baba. Nisimame juani niangalie mbali. Sitaki ya kuinama." Fundi aliyekuwa ameinama wakati huo aliendelea kuinama. Neno lilimchoma, lakini lilikuwa la kweli, na la kweli hulipingi. Kwenye fomu ya chuo binti aliandika upimaji chaguo la kwanza, na chaguo la pili akaandika ufundi wa vyombo vya umeme, ili baba yake asijisikie vibaya. Fundi aliona akajua.

Mtihani wa mwaka uliopita binti aliufanya na homa, akafeli hesabu. Mwaka huu alikuwa anarudia, na shangazi yake alishatoa hukumu: hakuna mara ya tatu. Kiti karibu na dirisha la saluni kilikuwa kinamsubiri, na aproni yake ilishashonwa. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kuona kijana amekaa.

Sasa tuje kwenye kalkuleta, maana ndiyo yenye kesi.

Kila fundi ana rafu ya yatima: vitu vilivyoletwa na wenyewe wakapotea. Kalkuleta ile ilitoka huko. Aliyeileta alihama mji bila kuaga, na baada ya kungoja sana Fundi alimpa binti yake. Ilikuwa ya zamani, nzito, ya kazi hasa, na ilikuwa nzima isipokuwa kitufe kimoja kwenye kona ya juu. Kitufe hicho ndicho kinachochagua pembe zipimwe kwa kipimo gani. Kuna digrii, ambazo ndizo wanafunzi wote wa shule ile walizitumia. Kuna radiani, kipimo cha wale waliobobea. Na kuna gradi, ambazo hata mwalimu wao alikiri hajawahi kukutana na mtu anayezitumia. Kila ukibonyeza, mashine inahama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, na herufi ndogo pembeni mwa kioo inakwambia uko wapi: D, R au G. Hii ya kwao ilikuwa imekufia kwenye R.

Wanafunzi wenzake walimcheka. Wao wanaandika pembe na kupata jibu. Yeye kila pembe lazima kwanza aizidishe kwa pai, aigawanye kwa mia na themanini, ndipo aiulize mashine. "Mhandisi unapita njia ya kuzunguka mlima!" walimwambia. Akawajibu kwamba anayezunguka mlima ndiye anayeujua. Miaka miwili alizunguka, mpaka mkono wake ukawa unazidisha na kugawanya kabla hajaufikiria.

Na alikuwa na kitabia kimoja. Kabla ya kila hesabu, kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kile kitufe kilichokufa, kikakibonyeza mara moja, tap, halafu ndipo vidole vingine vikaanza kazi. Alikuwa hajui hata kwamba anafanya. Fundi ndiye aliyeona. Alikaa kwenye kiti chake amechoka, miguu kwenye beseni la maji ya moto, akatazama kidole cha mwanawe kikibonyeza kitu kisichoitika, jioni baada ya jioni. Kikamuuma kitendo hicho. Mtoto anabisha hodi miaka miwili hafunguliwi, na baba yake ni fundi! Aibu iliyoje!

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani, shangazi alimwita binti saluni kusukwa, kwa sababu, alisema, mtu haendi kukutana na maswali magumu na kichwa kama kiota. Kalkuleta ilibaki mezani. Mke wa Fundi alikuwa zamu. Nyumba ilikuwa kimya, na mikono ya Fundi ikaanza kuwasha.

Aliifungua. Ilikuwa kazi ndogo, hata ya kujisifia haikuwa. Ule mpira mdogo chini ya kitufe ulikuwa umelika ule weusi wake unaopitisha umeme. Alichukua rimoti moja iliyokufa, akakata mpira wake kwa wembe, akausafisha kwa spiriti, akaupachika, akafunga. Akabonyeza. Herufi ya pembeni ikabadilika. Akabonyeza tena, ikabadilika tena. D, R, G, halafu D tena, zinakwenda zinarudi, kitufe kitiifu kabisa. Fundi alicheka peke yake pale jikoni. D ilikuwa nini hakujua, wala G alikuwa mdudu gani, na hakujali. Alichojua ni kwamba kilichokufa kimefufuka. Akairudisha kwenye mfuko wake wa kitambaa, akanyamaza, kwa sababu alitaka mtoto aikute mwenyewe, ashtuke, aje mbio aseme Baba!

Binti alirudi na nywele zimekaza hadi nyusi zimepanda, kichwa kinamgonga, akaenda kulala moja kwa moja bila kugusa hesabu. Asubuhi Fundi alipoamka alikuwa ameshaondoka.

Siku ile Fundi alifanya kazi huku akipiga mluzi. Muuza viatu alimuuliza kama ameota hazina. "Ngoja tu," Fundi alisema, "Mhandisi akirudi utasikia kelele."

Mhandisi alirudi mchana, na hakukuwa na kelele. Aliingia dukani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu vyake vya shule akaviweka sambamba, taratibu, kama mtu mzima aliyetoka kuzika.

"Baba, imerukwa na akili."

"Nini hiyo?"

"Kalkuleta. Swali la kwanza la pembe lilikuwa la mnara. Nimekaa mbali nao mita thelathini, niupate urefu. Nikafanya kama siku zote, mnara ukatoka haufiki magotini. Nikasema nimekosea. Nikarudia, haufiki magotini tena, na wala si urefu ule wa kwanza. Nikarudia, ukatoka mita ishirini na tano. Nikamshukuru Mungu. Nikaenda swali linalofuata, takataka tena, nikarudia, takataka. Basi nikadhani labda ni mimi, nimesahau kanuni, nikaacha kuzidisha kwa pai, nikaandika pembe hivihivi. Mnara ukatoka chini ya sifuri, Baba. Mnara umechimbiwa ardhini! Muda ukaniishia nafuta na kuandika. Karatasi yangu imetoboka kwa kufuta."

Alisema yote hayo bila kulia, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Angeweza kunyamaza. Vitu vya zamani huharibika vyenyewe, nani angejua? Mtoto mwenyewe alishailaumu mashine. Lakini Fundi, pamoja na ukaidi wake wote, mwongo hakuwa.

"Mama," alisema, "kile kitufe cha kona. Nilikitengeneza jana."

Binti alimwangalia. Akatoa kalkuleta mfukoni, akaiwasha, akaangalia ile herufi ya pembeni, ambayo hakuwa ameitazama kwa muda mrefu, maana kitu kisichobadilika nani hukitazama? Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akaelewa, na Fundi akaona namna uso wake ulivyoelewa.

"Kila swali nilikibonyeza," alisema polepole. "Kidole changu hiki. Kila swali nilikuwa nahamisha mwenyewe. Radiani, gradi, digrii. Nilikuwa najipindua mwenyewe, Baba."

"Nilikuona ukikibonyeza kila siku. Nikadhani unakitaka."

"Nilikuwa nakibonyeza kwa sababu hakina neno! Ndicho kitu pekee ambacho nikikigusa sikosei!" Hapo ndipo alipolia, kwa hasira, akijipangusa kwa mkono wa blauzi. "Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu, Baba. Ungesema, 'Mama, nikutengenezee?' Neno moja! Ningekwambia usiguse!"

Fundi alijisikia vibaya hadi mikono ikamning'inia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mikono ile kukosa la kufanya. Muuza viatu mlangoni, aliyekuwa amekuja kusikiliza kelele, aligeuka akaenda zake.

Shangazi ndiye aliyewakuta hivyo. Alikuja kuuliza habari za mtihani, akapewa habari yote mara moja, akakaa juu ya sanduku la spika akajipepea kwa kanga.

"Sijasema mimi?" alianza. "Sijasema mkono huu utakuja kuua mtu?" Kisha akamtazama mdogo wake jinsi alivyosinyaa, akapunguza sauti. "Haya. Maji yakishamwagika hayazoleki. Pepa ya pili lini?"

"Keshokutwa," binti alisema. "Na ndiyo yenye pembe nyingi."

"Basi si ujue tu sasa? Usikibonyeze."

Binti alikubali. Akachukua karatasi, akaweka R mwenyewe, akaanza swali. Baba na shangazi wakamtazama mkono. Kidole gumba kikaenda: tap. "Ah!" Akairudisha. Swali la pili akajikaza, akauma mdomo, akamaliza salama. Swali la tatu akawa anafikiria swali lenyewe, si kidole: tap. Akaisukuma kalkuleta mbali.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," shangazi alisema. "Kibandike karatasi ya gundi juu."

"Hawaruhusu kitu chochote kimebandikwa, shangazi. Watadhani nimeficha majibu. Na ya kuazima hakuna, kila mtu atakuwa chumbani na yake."

Nje mtu alikuwa anajaribu honi ya pikipiki, anaipiga, anaiacha, anaipiga. Binti aliinua kichwa.

"Baba. Iharibu."

"Nini?"

"Irudishe ilivyokuwa. Kiue kitufe."

Watu wangu, miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwomba Fundi jambo kama hilo. Kuna mafundi wanaoharibu kwa kutojua, kuna wanaoharibu makusudi ili urudi tena, na wote hao Fundi aliwadharau. Yeye kitu kikipita mezani kwake hutoka kizima. Ilikuwa ndiyo heshima yake, na nyingine hakuwa nayo. Alifungua mdomo akatae, akaona vile viatu viwili vimewekwa sambamba sakafuni, akaufunga. Alichukua bisibisi. Kisha akasita, akafanya jambo ambalo dada yake alilisimulia saluni mwezi mzima.

Akauliza.

"Unataka nikiulie wapi? Mimi naweza kukiacha kwenye D, kama ya wenzako. Usizidishe, usigawanye, uandike pembe upate jibu. Au hiyo R yako. Sema wewe."

Hilo lilikuwa swali la haki, na binti alilipima kama anavyopima kila kitu. Digrii ndiyo njia fupi. Ndiyo aliyoitamani tangu siku ya kwanza, wakati wenzake wanamcheka. Ilikuwa mbele yake sasa, bure, kubonyeza tu. Aliuangalia mkono wake.

"Nikiwa na haraka mkono wangu utazidisha kwa pai, nitake nisitake," alisema. "Kwenye D nitapotea tena. Niachie R. Njia ndefu ndiyo ninayoijua."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Baba."

Fundi alikibonyeza mpaka herufi ikasimama kwenye R, akaifungua. Akautoa ule mpira aliokuwa ameukata kwa wembe kwa mapenzi yote, akauweka kwenye mfuko wa shati. Akaifunga, akampa. Kidole gumba kikaenda: tap. R. Tap. R. Tap, tap, tap. R, R, R. Binti alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

"Umeitengeneza?" muuza viatu aliuliza, akichungulia tena.

Shangazi ndiye aliyejibu kwamba ndiyo, ameitengeneza, na kwamba wachunguliaji wana kazi gani.

Siku ya pepa ya pili Fundi alifunga duka akamngoja nje ya geti la shule, amekaa juu ya jiwe, mgongo unamuuma. Wengine walitoka wakipiga kelele. Mhandisi alitoka wa mwisho, akamkabidhi kalkuleta mkononi kama mtu anayerudisha ya kuazima.

"Ilitulia?" Fundi aliuliza.

"Ilitulia. Minara yote imesimama."

"Na ile pepa ya kwanza?"

"Ile tumwachie msahihishaji, Baba. Nimechoka." Akamshika mkono, wakaenda nyumbani polepole, wote wawili wanaburuta miguu.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu. Shangazi alipiga vigelegele hadi mteja akaungua sikio, na ile aproni akaikata vitambaa vya kufutia meza. Lakini barua ya chuo ilipofika ilikuwa na lugha yake. Pepa ya kwanza ilikuwa imemvuta chini, na upimaji walichukua wenye alama za juu tu. Wamempa nafasi chaguo la pili: ufundi wa vyombo vya umeme.

Fundi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kazi ya kuinama. Angefurahi vipi? Na angelia vipi mbele ya mtoto aliyefaulu? Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akaugusa ule mpira mdogo mweusi, ambao alikuwa akiuhamisha kutoka shati hadi shati tangu siku ile. Alitaka kusema nisamehe.

Binti alikuwa anapanga vitu vyake kwenye sanduku. Akaichukua kalkuleta, akabonyeza kitufe cha kona, tap, akaitumbukiza katikati ya nguo.

"Baba," alisema bila kugeuka, "huko ni chuo cha mafundi. Wataniuliza kwa nini natembea na kitu kibovu. Niwaambieje?"

Fundi alitoa mkono mfukoni.

"Waambie baba yako ni fundi."

Mgongo wa binti ulitikisika. Fundi hakujua ni kicheko au ni kilio, na safari hii hakwenda kurekebisha kitu. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akauliza kama anataka asaidiwe kukunja nguo.